Kumtafutia mtoto shule Bolton na miji yake: mwongozo kamili kwa mzazi uliyetoka kwetu

Wazazi wenzangu, kila mwaka ikifika mwezi wa tisa simu yangu haipoi, dada shule nzuri ipi, dada nimwone nani, dada hiyo fomu inajazwaje. Nimeamua niandike mara moja, atakayeuliza namtumia hii.

Naongelea Bolton, huku England, kwa sababu ndiko ninakoishi na ndiko walikosoma wanangu. Wengi wetu Bolton tuliijua kwa Jay-Jay Okocha akipiga chenga kwenye timu ya Bolton Wanderers enzi zile, ukifika ndo unagundua kwanza uwanja wenyewe hauko Bolton mjini, uko Horwich, pili Bolton ya kwenye karatasi ni kubwa kuliko mji. Tangu Aprili 1974 ni manispaa moja yenye miji kadhaa ndani yake: Bolton yenyewe, Farnworth, Kearsley, Little Lever, Westhoughton, Horwich, Blackrod, na kule juu kaskazini upande wa Bromley Cross. Zote halmashauri moja, au kaunsili kama tunavyosema huku. Ni moja kati ya manispaa 10 za Greater Manchester, kwaiyo hata kama uko Bury, Wigan au Rochdale mengi humu ni yaleyale, tarehe na sheria ni za England nzima. Scotland na Wales wana mambo yao, usichanganye.

Kitu ambacho ukikishika kingine chote kitakuwa rahisi: huku nafasi ya shule haiombwi kwa mdomo. Kwetu unaenda kumwona mwalimu mkuu, unajieleza, mnaelewana, mtoto anaanza Jumatatu. Huku mwalimu mkuu atakupa chai, atakutembeza mpaka maabara, af nafasi anapewa mtoto wa mtu mwingine ambaye hajawahi kukanyaga pale ila nyumba yao iko karibu na geti. Ni vigezo tu, vimeandikwa, vina mpangilio wa namba, na kazi yako wewe ni kujua mtoto wako anaangukia kigezo cha ngapi.

Hatua ya 1: jua mtoto yuko mwaka wa ngapi

Huku hawaangalii alifika darasa la ngapi kwetu, wanaangalia tarehe ya kuzaliwa basi. Mstari wao ni 31 Agosti. Mtoto aliyezaliwa 20 Agosti 2014 alianza mwaka wa 7, yaani sekondari, Septemba 2025. Aliyezaliwa 5 Septemba 2014, siku 16 tu baadaye, anaanza Septemba 2026. Risepsheni, yaani darasa la kuanzia shule ya msingi, anaanza Septemba baada ya kutimiza miaka 4, msingi unaishia mwaka wa 6, sekondari mwaka wa 7 mpaka wa 11 ambapo wanafanya mitihani ya GCSE wakiwa na miaka 16 hivi.

Kwaiyo usishtuke mtoto aliyekuwa la sita kwetu akaambiwa ni mwaka wa 8, na usiende kuomba arudishwe nyuma ili "ashike kingereza kwanza", mara nyingi watakataa na kusema kweli watoto wanashika lugha kwa kasi kuliko sisi. Shida ya kweli ni kwa anayekuja na miaka 15. Huyo anaingia mwaka wa 10 au wa 11, GCSE ziko mezani, masomo wenzie wameshachagua zamani. Kama una uwezo wa kupanga safari ya familia, mlete mapema au msubiri amalize kidato cha nne, ila usimlete Januari akiwa mwaka wa 11. Nimeona mtoto wa rafiki yangu akilia kila jioni kwa ajili hiyo.

Hatua ya 2: jua aina za shule, maana majina yanadanganya

Hapa ndo watu wanapigwa. Kuna shule inaitwa Bolton School, majengo ya mawe mazuri ajabu, ukisikia jina unasema hii ndo shule ya mji. Hapana ndugu yangu, ile ni ya kulipia, historia yake inarudi karne ya 16 na Lord Leverhulme, yule tajiri wa sabuni, ndo aliimwagia mali mwanzoni mwa karne ya 20. Ada yake siyo ya mshahara wa kuhudumia wazee, na tangu Januari 2025 shule binafsi zote zinatozwa VAT ya asilimia 20. Halafu ukisikia mwingereza anasema "public school" usidhani ni ya serikali, anamaanisha kinyume chake. Mimi nilishampigia simu shule ya namna hiyo nikauliza kama kuna nafasi, yule dada wa ofisini akawa mpole sana, mpaka alipotaja ada ya muhula.

Za bure ziko za halmashauri, akademi (serikali inalipa ila zinajiendesha zenyewe chini ya taasisi fulani), na za dini. Kwa mzazi tofauti kubwa ni nani anaweka vigezo. Akademi na nyingi za dini zinajiwekea vyao.

Kwa miji yenyewe, sekondari ziko hivi, sitaji zote: Westhoughton wana Westhoughton High, Farnworth kuna Harper Green na St James's ya Kianglikana, Kearsley wana Kearsley Academy, Little Lever wana yao, Bromley Cross kuna Turton. Blackrod ni kichekesho, shule inayobeba jina lake, Rivington and Blackrod, iko Horwich. Horwich pia kuna St Joseph's ya Wakatoliki. Canon Slade ni ya Kianglikana na iko Bradshaw, Thornleigh ni ya Wasalesiani, Wakatoliki wa kwetu mnawajua. Shule za kuchuja kwa mtihani, zile za grammar za bure, Bolton hakuna, ukizitaka ni Trafford, manispaa nyingine ya Greater Manchester, na ukiona jina Bury Grammar ujue hiyo nayo ni ya kulipia.

Mpaka wa manispaa usikutishe. Tangu hukumu ya mahakama ya 1989 iliyohusu halmashauri ya Greenwich kule London, shule haiwezi kumweka nyuma mtoto kwa sababu tu anakaa halmashauri nyingine. Ukiwa Kearsley unaweza kuomba ya Salford, ukiwa Blackrod unaweza kuomba ya Wigan. Ila fomu unajaza kwa halmashauri unakoishi WEWE, siyo iliko shule.

Hatua ya 3: kusanya karatasi, nyingine anza nazo nyumbani kabla hujapanda ndege

Uthibitisho wa anwani ndo mama wa yote: mkataba wa nyumba, bili ya council tax, ile kodi ya nyumba ya halmashauri. Cheti cha kuzaliwa kifupi kinatosha, na kwa kanuni zao wanakiomba baada ya kukupa nafasi. Ripoti za shule za kwetu beba, hata kama hawataziangalia kwa kuingiza mtoto zitawasaidia kumpanga. Kadi ya kliniki yenye chanjo beba, daktari ataitaka. Na kama ni Mkatoliki, beba cheti cha ubatizo cha mtoto! Kukitafuta kigango cha Sengerema au cha Bukavu ukiwa umeshakaa Farnworth, padre amehamishwa na daftari halionekani, ni kazi ya miezi.

Kuhusu viza, kuna uvumi mwingi. Ile stempu ya kuzuia misaada ya serikali haihusu shule, shule ya bure siyo "msaada" kwenye hiyo orodha. Shule hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya uraia au viza. Watoto wa wakimbizi na wanaosubiri majibu ya hifadhi wana haki ileile, na Bolton hili siyo geni, ilikuwa pamoja na Sheffield kati ya manispaa za kwanza kupokea familia za wakimbizi kwa mpango wa Gateway ulioanza 2004, kwaiyo shule zake zimeshazoea mtoto anayefika hajui neno.

Anwani ya uongo naomba usiguse. Kuna watu wanaandika kwa mjomba anayekaa karibu na shule nzuri. Halmashauri wanalinganisha na rekodi zao za kodi, na wakikukamata wanaweza kumnyang'anya mtoto nafasi hata ameshapewa.

Hatua ya 4: jua uko kwenye mlango upi

Mlango wa kwanza ni wa kawaida, mtoto anaingia risepsheni au mwaka wa 7 Septemba. Tarehe za mwisho ni 31 Oktoba kwa sekondari na 15 Januari kwa msingi, za mwaka unaotangulia yeye kuanza kwa sekondari, yaani anayeanza Septemba 2027 fomu inafungwa 31 Oktoba 2026. Majibu yanatoka 1 Machi kwa sekondari na 16 Aprili kwa msingi, ikiangukia wikendi ni siku ya kazi inayofuata. Ukichelewa hata siku moja bila sababu wanayoikubali unahesabiwa baada ya waliowahi WOTE. Hata mtoto akiwa tayari yuko shule ya msingi inayopakana na ile sekondari, hahamishwi moja kwa moja, lazima ujaze.

Mlango wa pili ni wa katikati ya mwaka, ndo wetu wengi, umefika Februari na mtoto yuko nyumbani anaangalia katuni. Halmashauri wanakwambia uombe kwao au moja kwa moja shuleni, tovuti yao itakuonyesha shule ipi inafuata njia gani. Kanuni za tangu 2021 zinasema wajitahidi kukujibu ndani ya siku 10 za shule na zisizidi 15. Zikipita, piga simu, kwa upole lakini piga. Wakisema shule zote zimejaa, uliza kuhusu utaratibu wa Fair Access, ni mpango wa kila halmashauri wa kugawana watoto waliokosa pa kwenda ili mtoto asikae nyumbani. Litaje kwa jina hilohilo.

Hatua ya 5: kujaza fomu, hapa ndo soma taratibu

Unapewa mistari ya kuandika shule unazotaka kwa mpangilio, sheria inasema zisipungue tatu. Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilipenda shule moja, nikaiandika mstari wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, nikasema wakiona hivi watajua huyu mama amedhamiria. Tukapewa shule ya mbali yenye mabasi mawili, kijana anatoka nyumbani saa moja na dakika kumi asubuhi giza la Desemba.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kila shule inapata majina ya walioiomba bila kujua wewe umeiweka ya ngapi. Inawapanga kwa vigezo vyake, inakata pale nafasi zinapoisha, inarudisha orodha halmashauri. Halmashauri inaangalia mtoto wako amepita wapi na wapi, kisha inakupa ile uliyoiweka juu zaidi kati ya alizopita. Tuseme unakaa Farnworth, ya kwanza umeweka ya kanisa iliyoko Horwich, ya pili ya karibu na nyumbani. Ukikosa ya Horwich, ya karibu inakuhesabu sawasawa na jirani aliyeiweka ya kwanza, kama nyumba yako iko karibu kuliko yake unampita. Kwaiyo kuweka ndoto juu hakukuharibii chochote chini. Kinachokuharibia ni kuacha mistari wazi au kurudia shule moja, maana ukiikosa hiyo unapelekwa penye nafasi zilizobaki baada ya watu wote kugawiwa, na shule yenye nafasi zilizobaki mara nyingi kuna sababu.

Ushauri wangu: ya kwanza weka unayoipenda kweli, ila mstari mmojawapo lazima uwe wa shule ambayo una uhakika wa karibu wote. Uhakika unautoa kwenye vigezo. Watoto wenye mpango maalumu wa mahitaji unaotaja shule hiyo wanaingia kwanza, kisha wanaolelewa na halmashauri au waliowahi kulelewa, baada ya hapo kwa kawaida ndugu waliopo shuleni, kisha umbali. Umbali wengi wanapima mstari mnyoofu kwenye ramani, siyo njia unayopita na basi. Halmashauri inatoa kijitabu kila mwaka, tafuta humo mwaka uliopita mtoto wa mwisho kuingia alikuwa kigezo gani na umbali gani. Kama wa mwisho alikuwa maili 1.2 na wewe uko maili 3, basi hiyo ni ndoto, iweke juu kama unataka ila usiitegemee.

Shule za dini zina fomu ya ziada inayorudishwa shuleni kwenyewe, mchungaji au padre anasaini kwamba mnahudhuria na kwa muda gani. Wengi wanajaza ya halmashauri wanasahau hii, mtoto anahesabiwa kama asiye na dini na anaangukia mkiani. Na mahudhurio ya kanisani hayajengwi mwezi wa kumi, kuna wanaoanza kusali mtoto akiwa darasa la nne. Mungu anajua nia zao.

Kabla hujajaza nenda kwenye jioni za wazi, zinakuwa Septemba na Oktoba mwanzoni. Usikae kwenye ukumbi kusikiliza hotuba tu, tafuta watoto wanaowatembeza muwaulize chakula kikoje na mtoto mgeni anasaidiwa nani. Uliza ofisini wana mwalimu wa wanaojifunza kingereza kama lugha ya pili au wanamweka tu nyuma na laptop. Ripoti za Ofsted, wale wakaguzi wa shule, soma lakini angalia mwaka: zile daraja za neno moja ziliachwa Septemba 2024 na tangu Novemba 2025 wana kadi yenye madaraja ya mambo tofautitofauti, kwaiyo bango la "Outstanding" lililochanika getini linaweza kuwa la miaka ya nyuma huko, mwalimu mkuu ameshabadilika mara tatu.

Hatua ya 6: majibu yakitoka siyo

Kwanza KUBALI nafasi uliyopewa, hata kama umenuna. Kuikubali hakukuondolei haki ya rufaa wala foleni, kuikataa kunaweza kukuacha huna shule. Pili omba kuwekwa kwenye foleni ya uliyoitaka. Ile foleni siyo ya aliyewahi, inapangwa kwa vigezo, kwaiyo unaweza kuwa wa 4 leo na wiki ijayo ukawa wa 6 kwa sababu kahamia jirani wa shule. Kwa wanaoanza Septemba inabaki wazi angalau mpaka 31 Desemba.

Tatu rufaa. Ni bure na unapewa siku zisizopungua 20 za shule kuwasilisha. Unakaa mbele ya jopo la watu wasio wa shule, shule inaeleza kwa nini kuongeza mtoto mmoja kutaiumiza, wewe unaeleza kwa nini mtoto WAKO anahitaji shule ILE. Mimi nilikwenda nikasema mwanangu ana akili na ni mtiifu, wakatabasamu wakaninyima. Kila mzazi ana mtoto mwenye akili. Kinachobeba uzito ni barua: daktari, mfanyakazi wa jamii, somo ambalo shule uliyopewa hawafundishi. Kwa risepsheni, mwaka wa 1 na wa 2 ni ngumu zaidi kwa kuwa darasa la mwalimu mmoja halizidi 30 kisheria, hapo unashinda karibu tu kama walikosea kufuata taratibu zao.

Hatua ya 7: ameshapata, sasa maisha

Sare: usikimbilie duka la jina kubwa. Shule zinatakiwa kuwa na utaratibu wa sare zilizokwishatumika, na sisi watu wa mitumba tuone aibu ya nini, blezya ya mwaka wa 7 mtoto anaimaliza kwa mwaka mmoja mikono imeshakuwa mifupi. Chakula cha mchana risepsheni mpaka mwaka wa 2 ni bure kwa wote. Baada ya hapo inategemea kipato, na hata mwenye viza isiyoruhusu misaada anaweza kustahili, muulize wa ofisini akupe fomu, usijikatie tamaa mwenyewe.

Usafiri wa bure upo kama shule ya karibu inayofaa iko zaidi ya maili 2 kwa mtoto chini ya miaka 8, au zaidi ya maili 3 kwa mkubwa, na wenye kipato kidogo wana nafuu zaidi. Ukichagua mwenyewe shule ya mbali ukaacha ya karibu yenye nafasi, nauli ni yako. Mabasi sasa ni ya njano ya Bee Network, yalianzia Bolton na Wigan Septemba 2023, mtoto akatiwe kadi ya igo alipe nauli ya mtoto.

Sasa la safari za nyumbani, hili nalisema kwa herufi nzito ingawa hamlioni. Ticketi ya Dar mwezi wa sita ni rahisi kuliko ya Agosti, najua, ndo maana watu wanajaribiwa. Shule haitoi ruhusa kwa ajili ya likizo. Tangu Agosti 2024, siku 5 bila ruhusa ndani ya wiki 10 za shule zinatosha kuletewa faini: pauni 80 ukilipa ndani ya siku 21, 160 ukilipa kabla ya siku 28. Na ni kwa KILA mzazi kwa KILA mtoto. Baba, mama na watoto watatu ni faini sita, pauni 480, ukizubaa 960. Mara ya pili ndani ya miaka mitatu inaanzia 160 moja kwa moja, ya tatu hakuna faini tena, ni mahakamani. Na usimwambie mtoto aseme alikuwa anaumwa, watoto wa msingi hawajui kuficha, Jumatatu anamwonyesha mwalimu picha za bahari ya Bagamoyo na nywele zimesukwa upya. Msiba mzito wa nyumbani ni tofauti, hapo andika barua kwa mwalimu mkuu kabla hujaondoka, wengi wanaelewa kwa siku chache.

Baada ya mwaka wa 11 bado hajamaliza, sheria inamtaka awe kwenye masomo au mafunzo mpaka miaka 18. Sekondari nyingi za Bolton zinaishia hapo, Canon Slade na Thornleigh ni kati ya zenye advansi yao, wengine wanaenda Bolton Sixth Form College kwa A-level au Bolton College kwa ufundi. Aliyepata chini ya daraja la 4 kwenye GCSE ya hesabu au kingereza anaendelea kuvisoma hukohuko mpaka avuke. Na akiwa wa miaka 16 hadi 18 Greater Manchester nzima anapanda mabasi bure kwa kadi ya Our Pass, unalipia pauni 10 ya kuitengeneza tu, mwombee mwezi wa nane mapema, ukisubiri wiki ya kufungua chuo utaanza kwa kumpa nauli kila asubuhi.